Shamba la Alaska: Bei ya Ekari Siyo Gharama ya Shamba

Watu bado huuliza kama Alaska kuna ardhi ya bure. Hakuna. Sheria ya kugawa mashamba bila malipo ilikoma huko mwaka 1986, na leo anayetaka kulima ananunua kwa mtu binafsi au kwenye mnada wa serikali ya jimbo. Ardhi ya serikali huwa nafuu kwa sababu inauzwa kwa sharti la kilimo, na sharti hilo humfuata hata atakayeuziwa baadaye. Kama nia yako ni kukata viwanja, hiyo iache.

Ghali zaidi ni bonde la Matanuska, kwenye mji wa Palmer. Anchorage iko chini ya kilomita 70, kwa hiyo mkulima anagombea ardhi na watu wanaotaka kujenga nyumba. Udongo wa bonde hilo ni vumbi laini lililopeperushwa na upepo kutoka kingo za mito itokayo kwenye barafu, na jembe hupita humo bila shida. Una tindikali, hivyo unadai chokaa, na mahali pengine tabaka lake ni jembamba, chini ni changarawe tupu. Juni kunakuwa na mwanga wa jua saa 19 kwa siku. Ndiyo maana mwaka 2012 maonyesho ya Palmer yalipima kabichi moja ya kilo 62.7. Lakini kabichi ya mashindano hailipi deni la shamba. Historia ni shahidi: mwaka 1935 serikali ya Marekani ilihamishia hapa familia 203 zije kulima, nyingi zikipewa ekari 40, na kufikia 1940 zaidi ya nusu zilikuwa zimeondoka.

Fairbanks iko kaskazini zaidi, na wengi hushangaa kusikia kwamba Julai yake ina joto kuliko ya Palmer: wastani wa nyuzi 17 hivi, dhidi ya 15. Ardhi ni rahisi. Urahisi huo ndio unaonitia hofu, kwa sababu sehemu kubwa ya udongo huko imeganda chini mwaka mzima. Ukifyeka miti na kuondoa zulia la kuvumwani lililoufunika, jua hupenya, barafu huyeyuka na ardhi hutitia. Yapo mashamba huko yaliyogeuka mashimo na matuta miaka kadhaa baada ya kufyekwa, trekta lisiweze kupita tena.

Dalili unaweza kuzisoma kabla ya kutoa hata senti. Miti ya sprusi nyeusi, iliyodumaa na kuinama huku na huku, husimama juu ya barafu. Ukiona sprusi nyeupe na mibetula mirefu kwenye mteremko unaotazama kusini, hapo udongo una joto na maji hayatuami. Ekari 5 za mteremko huo nazithamini kuliko 50 za bondeni.

Delta Junction, kilomita 150 hivi kutoka Fairbanks, ni ya shayiri na majani ya mifugo. Mwaka 1978 serikali ya jimbo iliuza huko maelfu ya ekari kwa bahati nasibu ili shayiri isafirishwe nje kupitia bandari ya Valdez. Kituo cha nafaka cha bandarini hakikukamilika, na wakulima wengi walibaki na madeni. Bila mashine zako na mnunuzi wa uhakika, usiende.

Kokote utakakonunua, ongeza gharama ambazo tangazo la shamba halizitaji. Kiwanda cha mbolea cha Nikiski, humo humo Alaska, kilifungwa mwaka 2007. Chokaa na mbolea hufika kwa meli, kisha lori. Na udongo wa baridi huozesha samadi polepole, hivyo huwezi kuitegemea peke yake.

Mwenye mtaji mdogo namshauri achukue eneo dogo Palmer, ajenge kitalu nyumba, na auze mboga na viazi Anchorage. Fairbanks ni ya anayejua kuchagua mteremko. Vyovyote vile, nenda ukaone mwishoni mwa Agosti au Septemba, udongo ukiwa umeyeyuka hadi mwisho wake. Beba nondo nyembamba ya mita moja na nusu, uichomeke sehemu kumi tofauti. Ikigonga kitu kigumu kama saruji, chimba uangalie. Kama ni barafu, usitie sahihi.