Jiwe la Unguja Ndani ya Birika

Vipande vyeupe vilivyoelea kwenye kikombe changu cha chai, Bububu kisiwani Unguja, ndivyo vilivyonitia udadisi.

"Si uchafu huo, mwanangu. Chokaa hiyo," alisema bibi mwenye nyumba, akanifunulia birika lake la umeme. Ukoko ulikuwa umeganda chini, mgumu na mweupe. "Wajukuu wanataka kuupara kwa kisu. Nikawaambia mtalitoboa bure."

Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mvua hupenya humo na kuliyeyusha kidogo kidogo. Maji hayo yakichemka, chokaa hurudi kuganda. Mji Mkongwe wenyewe ulijengwa kwa jiwe hilo na chokaa iliyochomwa kutokana nalo.

Bibi alikata ndimu, akazikamua, akatia na maganda. Akaongeza maji ya kuufunika ukoko tu. Kabla hata hajawasha, vitone vidogo vya hewa vikaanza kupanda. "Inama usikilize." Niliinama. Ulisikika mlio mwembamba: tindikali ya ndimu inaila chokaa, hewa ya kaboni dioksaidi inatoka. Akawasha. Maji yalipochemka akazima, akayaacha yapoe taratibu. Alipomwaga, ukoko ulitoka vipande vipande kama magamba ya samaki. Akapitisha kidole chini ya birika. "Bado panakwaruza." Akakata ndimu nyingine. Mara ya pili kidole kiliteleza, na chuma kikang'aa.

Siki nayo inafaa, ila yeye haitaki. "Niachie ya achari."

Nikamwonyesha mbirimbi uliojaa matunda uani. Akakataa. "Hayo kwa shaba. Humu yananiachia unga." Hakuwahi kuambiwa sababu, wala hakuihitaji. Birimbi lina tindikali ya oksaliki kwa wingi, na hiyo ikikutana na chokaa hufanya unga usioyeyuka majini. Ameyajua hayo kwa jicho na kidole, na ujuzi wa namna hii unastahili heshima kuliko tunavyoupa.

Lakini hita ya bafuni iliyofungwa ukutani itatiwa ndimu ngapi? Na mabomba je? Bibi hakuwa na jibu, nami sinalo.

Ukijaribu nyumbani, chomoa waya kabla ya kusuuza, kisha chemsha maji matupu na uyamwage. Birika la alumini usililaze na ndimu, litaliwa. Na ndimu au siki usichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: hewa inayotoka hapo ni sumu.