Bunduki ya Kale ya Kijerumani: Nani Aliyeiunda?

Mtaa wa Kariokor, mashariki ya mji wa Nairobi, ulipata jina lake kwa wapagazi wa Carrier Corps waliokaa kambini hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walichukua vyakula na risasi za majeshi yaliyopigana na Wajerumani, mpaka Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918. Kabla ya vita hiyo na baada yake, walowezi na wawindaji walileta Afrika ya Mashariki bunduki nyingi za kuwindia zilizoundwa Ujerumani. Basi si ajabu mtu wa Kariokor, Pumwani au Kaloleni akifungua kasha la marehemu babu yake akute bunduki ya namna hiyo, na ajiulize imetoka wapi.

Kwanza yafaa kujua sheria. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yakataza mtu kuwa na bunduki bila ya cheti, na mwenye kuvunja sheria hiyo huweza kufungwa. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Kwa hiyo asiyekuwa na cheti asiichukue bunduki hiyo mkononi kuipitisha mitaani, wala asijaribu kuifungua au kuipiga, kwa kuwa yaweza kuwa na risasi ndani. Aiache pale ilipo, awapeleke watoto mbali, kisha aende kituo cha polisi kutoa habari na kuomba askari waje kuichukua.

Ikiwa mikononi mwa polisi, fundi wa bunduki mwenye leseni aweza kuichunguza. Bunduki ya vita na ya kuwindia hazifanani. Ya kuwindia huwa nyepesi, haina mahali pa kutia singe, na mara nyingi mti wake umechongwa nakshi. Wajerumani walipenda pia kuweka mitambo miwili ya kufyatulia hata kama mtutu ni mmoja: wa kwanza huulegeza wa pili, upate kufyatuka kwa kuguswa kidogo tu.

Jina lililoandikwa juu ya mtutu huwadanganya wengi. Mara nyingi ni jina la mwenye duka aliyeiuza, wala si la mwundaji. Neno Krupp nalo laonyesha chuma cha mtutu kilitoka kwa nani, wala halisemi nani aliyeiunda bunduki. Hata neno Mauser halitoshi, maana kiwanda cha Mauser huko Oberndorf kiliwauzia mafundi wengine mitambo mitupu, nao wakatia mitutu na miti yao wenyewe.

Alama za kweli zimefichwa chini ya mtutu, ndani ya mti. Kwa sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891, iliyoanza kutumika mwaka 1893, kila bunduki ilijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Iliyofaulu ilipigwa chapa ya taji na herufi. Taji na U maana yake imekaguliwa. Taji na G maana yake mtutu una mifereji ndani. Tangu mwaka 1940 taji liliondolewa, likawekwa tai. Basi bunduki yenye chapa za taji mara nyingi ilijaribiwa kabla ya mwaka huo. Nyingine zina tarakimu za mwezi na mwaka wa majaribio, na herufi ndogo za jina la fundi wa mtutu.

Nyingi zilitoka mji wa Suhl, katika nchi ya Thüringen, penye viwanda kama Sauer, kilichoanzishwa mwaka 1751, na Haenel, cha mwaka 1840. Lakini huko palikuwa pia na mafundi wa majumbani: mmoja alifanya mtutu, mwingine kufuli, wa tatu mti, wa nne nakshi. Bunduki ya namna hiyo haina mwundaji mmoja, na jibu la haki ni kutaja mji na miaka tu.

Jambo moja lisisahauliwe. Silaha zinazokusanywa na serikali huweza kuteketezwa: mwezi wa Novemba 2016 silaha zaidi ya 5,000 zilichomwa moto huko Ngong. Bunduki ikisha kuchomwa, chapa zake haziwezi kusomwa tena. Kwa hiyo ndugu wa marehemu, wanapoitoa, wawaombe polisi chapa hizo ziandikwe au zipigwe picha, na waulize kama jumba la makumbusho laweza kuipokea. Wawaeleze pia yote waliyosikia kwa wazee: nani aliileta, mwaka gani, na kutoka wapi. Chapa zitamtaja fundi wa Suhl, lakini jinsi bunduki ilivyofika Kariokor wanajua wao tu.