Kuku tano na matuta ine: hesabu ya parseli ndogo



Kila mwaka kisha kolasio, swali ile moja inarudi. Mutu amepata lisansi yake, kazi haionekani, iko na dolari 200 ao 300 zenye familia imemukusanyia, anauliza: "Nianze na kuku ngapi za mayai?" Anataka kusema zile za kisasa, zenye kununuliwa zikingali vifaranga vya siku moja. Mimi nilisoma agronomia, na jibu langu mara nyingi halipendezi. Kama unaishi ku parseli ya familia, hapa Bukavu kwenye milima, na hauna bado namna ya kununua chakula cha kuku kila wiki, usianze na zile. Anza na kuku tano za kienyeji zenye pengine mama iko nazo tayari, na kipande cha bustani nyuma ya jikoni.

Tupige hesabu. Kuku ya mayai ya kisasa ikisha kukomaa inakula karibu gramu 115 kwa siku. Kuku 50 ni karibu kilo 6 kila siku, ni kusema zaidi ya kilo 170 kwa mwezi. Na haitagi mbele ya wiki 18 ao 20. Mbele uone yai ya kwanza, kila moja imekwisha kumaliza kilo sita ao zaidi za chakula cha kununua. Dolari 300 zinaishia hapo, kisha watu wanasema kuku hailipe.

Kuku ya kienyeji inataga mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka. Ni kidogo, sikatae. Lakini sehemu kubwa ya chakula chake inajitafutia yenyewe: mabaki ya bugali, maganda, wadudu, majani. Faida yake haiko ndani ya yai, iko ndani ya kifaranga. Tuseme kuku tano, kila moja inataga mara tatu kwa mwaka, kila mara mayai 12. Hiyo ni mayai 180. Ukitoa ine kila mara kwa ajili ya watoto, mayai 60 yanaliwa nyumbani na 120 yanabaki kulaliwa. Kisha siku 21, tuseme vifaranga 96 vimetoka. Nusu ikikufa mbele ya miezi mbili (na ku parseli nyingi inazidi nusu), unabaki na 48. Ukifikisha tatu kwa kila ine, unabaki na 72. Ile tofauti ya kuku 24 njo muradi wenyewe, njo inaweza kulipa minervali ya mutoto mwezi wa tisa. Haukuongeza kuku hata moja, ulizuia tu kifo.

Vifaranga vinakufa namna gani? Wa kwanza ni kipanga. Kisha baridi: hapa tuko zaidi ya metre 1.500 juu ya bahari, na kifaranga chenye kulowana na mvua ya saa kumi hakifike asubuhi. Tena kuna njaa, juu chakula kidogo chenye kinatupwa kinaliwa na kuku kubwa mbele yake. Dawa ya hayo matatu ni kitunga. Wiki tatu ao ine za kwanza, weka vifaranga chini ya kitunga kikubwa, pahali pakavu, na maji ndani ya kisahani chenye kina kifupi. Wape unga wa mahindi wenye kuchanganywa na soya ya kukaanga na vumbi la sambaza, ile yenye wauzaji wanafagia chini ya mifuko ku soko. Ni bei kidogo, na ni proteini. Tena ukiondoa vifaranga kwa mama yao kisha wiki ine, mama anarudia kutaga mbele ya wakati.

Lakini kitunga hakizuie ugonjwa wa Newcastle. Kila mutu mwenye alikomalia kwenye parseli anaujua hata kama hajui jina lake: kuku zinasinzia, mavi inakuwa ya kijani, shingo inapinda, na ndani ya juma moja kibanda kizima kimekwisha. Ni virusi. Pilipili ndani ya maji haiue virusi, na antibiotiki pia hapana. Hapo niko na ugomvi na wauzaji wengi wa dawa. Kuku ikisha kugonjwa hakuna dawa ya kuiponyesha. Kuko chanjo tu, tone moja ndani ya jicho, na inarudiwa kila miezi ine. Kwetu ningeshauri mwezi wa kwanza, wa tano na wa tisa, ili kiangazi kisikute kuku bila kinga.

Shida ya chanjo siyo bei ya tone moja. Chupa moja mara nyingi iko na dozi 100 ao zaidi, inataka baridi, na ukisha kuichanganya na maji yake haingoje kesho. Mutu wa kuku tano hawezi kununua chupa ya kuku 100. Kwa hiyo anaacha. Hapa njo naona kazi ya musomi mwenye anakaa nyumbani bila kazi: pita avenie nzima na kaye, andika kila nyumba iko na kuku ngapi, kusanya franka kidogo kidogo, uende kwa veterineri na termosi yenye barafu, murudi mukachanje asubuhi moja. Kuku za jirani zikichanjwa, zako pia zinapumua. Kuku yenye kununuliwa soko, hata ikionekana muzima, ifungiwe peke yake wiki mbili. Na yenye imekufa inazikwa chini sana ao inachomwa. Haipelekwe kwenye sahani wala soko.

Sasa nifike pahali penye naona watu wanakimbia mazungumzo: kuku zinalala wapi? Juu ya wezi, nyumba nyingi zinalaza kuku jikoni, ao hata ndani ya chumba cha watoto. Ninaelewa. Mwizi anachukua tano zote usiku mumoja. Lakini mutoto mwenye anatambaa anaweka kila kitu kinywani, na mavi ya kuku iko na mikrobe zenye kuharisha. Utafiti mumoja wa Ethiopia, wenye ulitolewa 2016, uliona kwamba watoto wa nyumba zenye kuku wanakomaa vizuri zaidi, lakini pahali kuku zinalala ndani ya nyumba na watu, ukomaaji wa watoto unakuwa mubaya zaidi. Ni kusema ile yai unamupa mutoto muchana, unaweza kuinyanganya usiku.

Jengeni kibanda kidogo cha mbao chenye kuegemea ukuta wa nyumba, upande wa chumba cha wazazi, ili kelele isikike. Kipandishwe juu kama metre moja, sakafu iwe ya fito zenye kuacha nafasi, mulango uwe na kadena. Mavi inaanguka chini yenyewe, na hapo njo bustani inaanzia.

Mavi ya kuku ni mbolea ya nguvu, iko na azoti nyingi kuliko ya ngombe. Juu ya hiyo nguvu, ikiwekwa mbichi inaunguza mizizi. Lengalenga inageuka manjano na watu wanasema udongo ni mubaya. Ichanganye na majani makavu ao unga wa mbao, mafungu mbili ao tatu ya makavu kwa fungu moja ya mavi. Loanisha kidogo, funika mvua isiioshe, pindua kila wiki mbili, ngoja miezi mbili ao tatu. Kwa mboga zenye kuliwa mbichi, kama saladi na tomati, usikose kungoja. Kitu kimoja: watu wanamwanga majivu mengi juu ya mavi ili isinuke. Majivu yanafukuza azoti, inaondoka na hewa. Majivu muyaweke pahali kuku zinaoga vumbi, yatasaidia juu ya chawa.

Matuta ine za metre moja kwa tatu zinatosha, zenye kukata mutelemko, siyo kufuata mutelemko, kama sivyo mvua ya kwanza inashusha kila kitu kwa jirani wa chini. Mbili za lengalenga, zenye unapanda zikipishana wiki mbili: kisha wiki ine ao tano unakata, unaacha kisiki, inachipuka tena. Moja ya shu ao vitunguu, moja ya matembele. Ukiwa mupangaji, jaza udongo ndani ya mifuko ya zamani. Siku ya kuhama unabeba bustani yako.

Na kuku zisiingie. Ugomvi wa nyumba nyingi unatokea hapo: kuku ni za baba, bustani ni ya mama, na kuku za baba zimefukua mboga za mama. Zungushieni matuta matete. Kuku muzifungulie hapo kisha kuvuna tu, zichakure, zile wadudu na mbegu za majani mabaya. Tena mukubaliane mapema, mbele ya watoto na kaye wazi, nani anauza, kuku ngapi ni za wageni, na makuta inaenda wapi. Bila hiyo, mama atachunga vifaranga vyote 72, na siku ya kuuza hataulizwa neno.

Mwenye anataka kupanda na mvua ya mwezi wa tisa, fungu la mavi na majani lianze mwanzo wa mwezi wa saba. Kaye ya kuku za avenie pia inaweza kuanza siku hizo, juu veterineri anataka kujua mapema idadi ya chupa.