Bei Nyekundu Si Hasara Kila Mara

Mfanyabiashara wa dagaa wa Makoko, Musoma, mwenye hisa chache katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, anafungua simu na kukuta bei imekuwa nyekundu. Auze? Asiharakishe.

Rangi ile haitoki sokoni. Huwekwa na JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995. Mtengenezaji wa ukurasa huipa sharti: bei ya leo ikizidi ya jana, tarakimu ziwe za kijani, isipozidi, ziwe nyekundu. Mtego uko hapo. Hisa iliyofunga jana kwa shilingi 400 na leo ikabaki 400 haijazidi kitu, hivyo hupakwa nyekundu ingawa mwenyewe hajapoteza hata senti. Dawa yake ni kuongeza sharti la tatu, la bei zilizo sawa. Ni mistari michache tu, lakini wapo wanaoisahau.

Rangi zenyewe ni mazoea: katika masoko ya China na Japani, nyekundu ndiyo ya kupanda.

Muhimu zaidi ni kujua bei inalinganishwa na ipi. Hisa iliyofunga jana 420, ikafungua leo 400 na sasa iko 410, ni nyekundu ikipimwa kwa bei ya jana, na ni ya kijani ikipimwa kwa bei ya asubuhi.