Safari ya Siku Moja Milimani: Tuipange kwa Nyakati za Swala

Tangu katikati ya mwaka 2024, wenzetu wa Dar es Salaam wamepata wepesi ambao wazazi wao hawakuujua. Asubuhi hupanda treni ya umeme hadi Morogoro, wakatembea na watoto wao kwenye vilima vya Uluguru, na jioni wakarejea makwao. Siku yao hupangika kwa sababu treni ina saa yake na haimsubiri mtu.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuna reli. Milima, hata hivyo, tunayo mlangoni, na ratiba tunayo pia, ambayo haijapata kuchelewa hata siku moja. Ratiba hiyo ni nyakati tano za Swala. Mwaka jana kamati yetu ya msikiti iliidharau, na tunaandika haya ili familia nyingine zisirudie kosa letu.

Tulichokosea

Ilikuwa mwezi wa Novemba. Tuliwachukua wanafunzi wa madrasa na baadhi ya wazazi kwenda kupanda kilima. Gari la kukodi, tuliloahidiwa saa 1:00 asubuhi, lilifika saa 3:30. Badala ya kufupisha safari, tuliendelea na mpango uleule, kana kwamba jua nalo lingetusubiri. Saa 9:00 alasiri mvua ilitukuta bado tuko juu. Tuliteremka kwa kuteleza, wakubwa wakiwashika wadogo mikono, na wengi wetu tuliiswali Alasiri kwa haraka, jua likikaribia kuzama.

Garini ndipo tulipogundua kwamba binti wa miaka kumi na bibi yake hawapo. Bibi aliumwa goti, akakaa chini ya mti kupumzika, na mjukuu akakataa kumwacha. Hakuna aliyewaona wakibaki nyuma, kwani orodha ya majina ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa katibu, haijafunguliwa tangu asubuhi. Tuliwapata baada ya nusu saa, wamelowa lakini wazima, Alhamdulillah.

Katika kikao cha Ijumaa iliyofuata tulitarajia safari zipigwe marufuku, na wazee wawili walilipendekeza hilo. Ndipo mama wa yule binti akaomba kusema. Akasema kwa sauti ya chini: "Katibu, mtoto si kikapu cha kusahauliwa njiani. Lakini msizifute safari. Nipeni mimi hiyo orodha." Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku hiyo orodha iko mikononi mwa akina mama.

Tuanze na jioni, turudi nyuma

Kosa letu kubwa lilikuwa kupanga safari kuanzia saa ya kuondoka. Safari ya siku moja hupangwa kuanzia saa ya kurejea. Sisi tumeazimia kila mtu awe nyumbani kabla ya Magharibi, ambayo kwetu mwezi wa Julai huingia saa 1 na dakika chache za jioni. Tukihesabu kurudi nyuma, siku yetu inakaa hivi:

Alfajiri tunaiswali kwa jamaa msikitini, na saa 12:30 gari linaondoka. Saa 2:30 asubuhi tunaanza kupanda. Saa 6:00 kamili mchana tunageuka, hata kama kilele kiko mbele yetu hatua mia moja. Saa 7 na dakika chache tunaswali Adhuhuri mahali pa wazi tulipopachagua wakati wa kupanda, kisha tunakula. Saa 9:30 tuwe tumefika chini. Alasiri, inayoingia karibu saa 10:30, tunaiswali kabla ya kupanda gari au katika msikiti wa kwanza njiani. Na gari likichelewa saa mbili asubuhi, tunapunguza mwendo wa kupanda, wala hatusogezi saa ya kugeuka. Kilima kitakuwepo mwaka ujao.

Yako mambo mawili ya kuangalia kuhusu saa. Kwanza, kalenda nyingi za ukutani zimechapwa kwa nyakati za Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi mbali sana, na jua letu huzama zaidi ya nusu saa baada ya lao. Pili, karibu na mpaka simu inaweza kudaka mtandao wa Rwanda, na saa yake ikarudi nyuma saa nzima. Kiongozi wa safari avae saa ya mkono.

Wengine wameuliza kama msafiri haruhusiwi kupunguza na kukusanya Swala. Ruhusa hiyo ipo, lakini ina mpaka wake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, umbali wake ni kilomita themanini na ushei kwa safari ya kwenda. Kutoka Kayanga au Omurushaka hadi vilima vyetu hatufiki huko. Kwa hiyo kila Swala tutaiswali kamili na kwa wakati wake. Wageni wetu wa kutoka Bukoba, ambao husafiri zaidi ya kilomita 100, wawaulize masheikh wao kabla ya kuondoka.

Wapi, na lini

Mwaka 2019 wilaya zetu zilipata hifadhi mbili za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Ya kwanza ni ya vilima na misitu, ya pili iko kando ya Mto Kagera, kwenye mipaka na Rwanda na Uganda. Humo wamo wanyama pori, kwa hiyo hakuna kutembea bila askari wa hifadhi. Watu wawili wa kamati watangulie wiki mbili kabla, wawaone wahusika wa TANAPA, waulize njia inayofaa wazee na watoto, na wachukue kumbukumbu namba ya malipo, kwani kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu getini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Chakula tukifunge kwa majani ya migomba kama walivyofanya bibi zetu.

Wakati mzuri ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Ugumu wake ni kwamba huo ndio msimu wa kuvuna na kuanika kahawa, na mikono yote inahitajika shambani. Tumechagua Jumapili moja tu, na michango tunaipokea kidogo kidogo kadiri watu wanavyouza kahawa yao ya maganda. Asiyeweza asione haya. Uko mfuko wa sadaka, na anayelipiwa humjua mtunza hazina peke yake. Hesabu yote itasomwa baada ya Swala ya Ijumaa.

Watu na mizigo

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu watatu tu wakisafiri, wamteue mmoja wao kuwa amiri. Sisi tutakuwa zaidi ya arobaini. Kila watu kumi watakuwa na amiri wao, na kijana mwenye nguvu kuliko wote hatatangulia mbele, bali atatembea nyuma ya bibi wa mwisho. Familia zitembee pamoja, baba na mama na watoto wao, na mwendo uwe ule wa aliye dhaifu zaidi. Akina mama watahesabu watu mara tatu: tukishuka garini, tukigeuka saa sita, na kabla gari halijawashwa.

Kila mtu mzima abebe lita mbili za maji ya kunywa. Kwa udhu, kila kundi libebe madumu mawili ya lita tano, maana Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja tu cha maji, pungufu ya lita. Viatu viwe vya kufunika mguu, si kandambili. Akina dada wavae suruali pana chini ya baibui. Sweta zisisahauliwe, kwani asubuhi ukungu wa huku hupenya hadi mifupani. Mwenye pumu aende na dawa yake mkononi, si kwenye mzigo uliobaki garini.

Watoto wataona nini?

Katika nchi hii Mukama Rumanyika, ambaye hifadhi imepewa jina lake, aliwapokea Speke na Grant huko Bweranyange mwaka 1861. Vitabu hutaja Wazungu hao wawili, lakini katika msafara wao alikuwemo Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wa pwani. Karibu na hapo, Kafuro, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu waliofika kutafuta pembe za ndovu, na ukweli usemwe, watumwa pia. Watoto wayasikie yote mawili. Speke aliandika kwamba akiwa Karagwe aliviona kwa mbali vilele vya Mfumbiro, yaani volkano za Virunga, ambazo refu kuliko zote, Karisimbi, ina meta 4,507. Siku ya anga safi tutatazama upande huohuo.

Qur'ani inatutaka tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa. Agizo hilo hatulitimizi vema tukiwa tumekaa barazani.

Orodha ya mwaka huu ilifunguliwa wiki iliyopita. Majina matatu ya kwanza ni ya familia moja: mama, binti yake wa miaka kumi na mmoja sasa, na bibi, ambaye goti lake limepona na ambaye ameagiza atafutiwe fimbo. Mwenyezi Mungu awafikishe na kuwarejesha salama. Amin.