Uendeshaji na uhai wa betri ya gari

Betri ya gari ni chombo kinachotunza umeme wa kuwashia injini. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ina seli 6 na hutoa volti 12. Injini ikishawaka, alternata hurudisha umeme uliotumika.

Safari fupi za mara kwa mara, kama za ndani ya kata ya Bukiriro wilayani Ngara, hazitoi muda wa kutosha kuijaza. Betri ikikaa muda mrefu bila kujaa, fuwele ngumu za salfeti ya risasi hujengeka kwenye mabamba yake na uwezo wake hupungua. Kuacha taa au redio ikiwaka injini ikiwa imezimwa huleta madhara yaleyale. Safari ndefu, kwa mfano hadi Biharamulo, huijaza tena, lakini fuwele zilizokwisha kuwa ngumu haziondoki kwa urahisi.