Miba ya Mathenge na Amana ya Mwili

Mathenge ulipandwa Bura, katika Tana River yetu, miaka ya 1980, ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Leo umefunga njia na malisho, na watu wetu hadi Bangale huukata kwa riziki. Riziki hiyo ni halali, lakini miba yake hutoboa kandambili na hupofusha jicho.

Basi, akina mama, kabla mume au mwana hajashika panga, mtazameni: ana viatu vya soli nene, glavu na miwani? Wakataji nao wasimame mbalimbali. Mwiba ukimchoma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni, kisha aende zahanati akakingwe na pepopunda; asingoje uvimbe.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia. Tawakkul haifuti tahadhari. Wabillahi tawfiq.